Kiriba cha Mfinyanzi

Nililipwa kwa hesabu ya viriba, si kwa udongo.
Kiriba kimoja, shilingi ishirini.
Mia tano kwa siku ukiwa na kiuno cha ujana,
mia saba ukiwa na deni.
Nilikuwa na deni.

Udongo mzuri ulikuwa juu, kwa Semboja,
chini ya majani yaliyooza tangu kabla ya reli,
mweusi, unanuka uyoga na mvua ya jana.
Safari nne kwa toroli, na gurudumu lake
lililia kwii, kwii, hadi watoto wa Mkanyageni
wakaniita Panya.
Udongo mbaya ulikuwa hapahapa, hatua arobaini,
kwenye shimo la watu wa matofali.
Mwekundu. Unashikana. Unajaza kiriba upesi,
kinasimama wima, kinapendeza macho.

Nikasema moyoni: udongo ni udongo.

Bi Mwantumu wiki ile alikuwa Tanga mjini,
akimuuguza dada yake Bombo.
Aliporudi akakuta viriba elfu tatu,
kila kimoja na mkangazi wake wa majani mawili.
Akanihesabia noti kwa noti.
Nikalipa deni. Nikanunua na nguru.

Kisha masika.
Kwa wenzangu maji yalipita, kwangu yakakaa,
vidimbwi elfu tatu, kila kimoja
na kipande chake cha mbingu.
Jua liliporudi udongo ukakauka, ukanywea,
ukajitenga na nailoni;
ukimwagilia, maji yanateremka pembeni,
mzizi katikati una kiu.
Mwezi wa sita miche ya jirani, Bi Hoza, ilifika goti.
Yangu ilifika kifundo cha mguu, ikagoma.

Bi Mwantumu hakunifokea. Ingekuwa nafuu.
Alichukua wembe, akapasua kiriba juu hadi chini,
akakilaza mbele yangu juu ya gunia.
Mzizi ulikuwa umeshuka inchi mbili,
ukagonga, ukakunja, ukagonga tena,
ukazunguka ukuta mara tatu
kama mtu anayepapasa swichi
katika nyumba ya watu.
"Umeuchota wapi?"
Nikaonyesha kwa kidevu.

(Wapenda methali wasinisaidie hapa.
Najua: udongo uwahi ungali maji.
Huu niliuwahi ungali maji.
Ndio ulioniponza.)

Tukaanza upya.
Makoleo matatu ya udongo wa kwa Semboja,
mawili ya makapi ya mkonge
yaliyolala mwaka mzima nyuma ya korona
hadi yakasahau ukali wake,
moja la mchanga wa Zigi.
Chekecha. Geuza. Geuza tena.
Chota konzi, finya, fungua kiganja:
ukibaki donge, ongeza mchanga;
ukimwagika wote, ongeza makapi;
ukikaa kidogo, kisha ukavunjika kwa kidole kimoja,
"hapo," alisema. "Hapo ndipo."
Siku hizo sikulipwa. Sikudai.

Katika elfu tatu tuliokoa mia nane na kitu.
Iliyobaki tuliitupa nyuma ya choo,
na viriba vyake, mizizi ikiwa imejifunga humo humo.
Usiku nikarudi na tochi, nikaiba mmoja.
Sijui kwa nini. Mtu haibi kilichotupwa.

Miaka sita sasa.
Ile mia nane iko shuleni, imepita paa la bati,
watoto wanafunga kamba ya wavu.
Wangu, nyuma ya jiko, unanifika begani.
Umeegemea upande mmoja, kama anayesikiliza.
Kila Idi naupima kwa kamba ya katani,
na kamba ni ileile, haijahitaji kuongezwa.

Bi Mwantumu alipita mwezi jana, anatafuta mbuzi wake.
Akauona. Akashika shina kwa vidole viwili.
"Mfinyanzi," akasema,
kama unavyomtaja mtu kwa jina la ukoo wake.
Akaomba maji ya kunywa.
Yaliyobaki kikombeni akayamimina shinani,
kidogo, akangoja yaingie,
kidogo tena,
akangoja.